Hatua Elfu Nane kwa Lita

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimetangaza mbele ya akina mama wote wa kituo chetu cha kukusanyia maziwa kwamba nitawatengenezea mashine ya kupima maziwa ya ngamia. Mdomo wangu una haraka kuliko akili. Siku tano!

Ilikuwa hivi. Mama Isnino ndiye anayepima hapa, miaka kumi na tisa sasa, kigoda kilekile, jagi lilelile. Tangu Ramadhani mkono wake unatetemeka. Maziwa yanamwagika kidogo kidogo kwenye simiti, na paka wa kituo wamenenepa kama wenye vyeo vya kaunti. Leo Nafiso, anayeleta maziwa kutoka Ngaremara, akasema wazi kwamba anapunjwa. Isnino alifuta jagi tu. Fosia, mwenyekiti, akamaliza: Jumamosi kuna kikao, na kama haijapatikana njia nyingine ya kupima, kigoda kitapata mtu mwingine.

Nikajikuta nimesimama. Nikasema mashine ipo. Haipo. Lakini Isnino akibonyeza kitufe, mkono utetemeke unavyotaka, lita itakuwa lita. Mama huyu ndiye aliyenipa kona ya meza yangu ya ufundi humu ndani siku Muthomi aliponifukuza kwenye karakana yake, na hajawahi kuniuliza nitatoka lini. Siwezi kukaa nikitazama akiondolewa kama mwizi.

Jumanne, 9 Septemba

Nilicho nacho: pampu inayokamua mpira laini kwa vigurudumu, kwa hiyo maziwa hayagusi chuma. Pia mota ya hatua, niliyoing'oa kwenye printa moja kubwa iliyokufa. Mota hii haizunguki ovyo. Inakwenda hatua kwa hatua, mia mbili kwa mzunguko mmoja. Ukijua lita inataka hatua ngapi, umemaliza. Kinachobaki ni kontrola ya kuhesabu na kuamuru, na draiva ya kuisukumia mota umeme. Mmoja anatoa amri, mwingine anafanya kazi. Nyumba nyingi nazijua ziko hivyo.

Kontrola haikunisumbua. Ile ndogo ya bluu kwenye droo inatosha, kuhesabu hatua hakuhitaji shahada. Shida ni draiva. Nilikuwa na moja ndogo, ukubwa wa stempu. Nikajaribu na maji. Lita mbili, ikapata moto, ikajizima. Nikaipulizia feni, ikafika lita tatu. Nikaiongezea umeme kwa kaskrubu kake, ikatoa harufu. Mungu ailaze pema.

Jumatano, 10 Septemba

Nimempigia Zachary, anayeuza vipuri Nairobi. Amecheka kwanza, halafu akasema mota yangu inataka ampea karibu tatu na ile draiva niliyoizika ilifaa kuvuta pazia.

Kisha akaanza mahubiri. Anataka nichukue mota yenye jicho: kifaa kinachokaa nyuma yake kikitazama kama imezunguka kweli, na draiva inayokisikiliza. Nikauliza ya nini.

"Hiyo yako ikikwama, kontrola haijui, Kawira. Itakuambia imefanya hatua elfu nane na shafti imesimama tu."

Yenye jicho itafika Jumatatu. Kikao ni Jumamosi. Nikamwambia anauza wasiwasi kwa rejareja. Nimeagiza draiva kubwa ya kawaida, inakuja na basi.

Muthomi amepita, akachungulia, akauliza kama siku hizi natengeneza cherehani. Sikumjibu. Yaani nilimjibu, lakini si maneno ya kuandikwa na mtu anayeimba kwaya.

Alhamisi, 11 Septemba

Draiva imefika. Nyeusi, nzito, mgongoni ina mapezi ya kupoza joto. Nimepanga swichi zake, nimewasha, nimesubiri harufu. Hakuna harufu.

Maji: hatua elfu nane kwa lita, na chache juu. Nimepima mara ishirini. Kosa halikuzidi kijiko cha chai. Nimecheza peke yangu katikati ya kituo, paka ni mashahidi.

Isnino alikuja kuiangalia, mikono ameikunja ndani ya shuka.

"Hii inajua maziwa imechacha?"

Nikasema hapana.

"Na ile imetiwa maji?"

Hapana.

"Basi bado niko na kazi, abaayo."

Akaniita dada hivyo, kwa Kisomali chake, na akacheka. Wiki nzima sijamsikia akicheka, na nilitaka kulia kwa furaha ila nilikuwa nimeshika waya wenye umeme.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala tumejaribu na maziwa yenyewe. Povu lilinisumbua, nikapunguza mwendo na kuifanya mota ianze taratibu na kuishia taratibu. Isnino akachuja maziwa kwa kitambaa chake cheupe kama kila siku, akamimina, akabonyeza. Kidole kinatetemeka, namba haitetemeki. Lita tano kamili. Tukarudia mara nne. Tano, tano, tano, tano.

Najisikia mkubwa mno. Kesho nitavaa ile blauzi niliyovaa kwenye harusi ya rafiki yangu Kiende.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nyuma ya kituo. Akina mama wako kwenye chai. Upesi.

Fosia aliamua Isnino asiguse maziwa leo, watu wasije wakasema ametia mkono. Ni haki kabisa. Kila mtu amimine yake. Nafiso akawa wa kwanza, akafungua mtungi wake na kumimina moja kwa moja kwenye ndoo ya mashine.

Mitungi yote hufukizwa kwa moshi wa kuni. Ndiyo harufu ambayo mteja hakubali maziwa bila hiyo. Na chembe za makaa hubaki ndani. Kila siku Isnino huzitoa kwa kitambaa, na mimi, ninayekaa mita tatu kutoka kwake, nilidhani ni usafi tu. Nilichagua kontrola, nikachagua draiva. Kitambaa sikukifikiria hata sekunde moja.

Lita ya tatu mota ikaguna. Kipande cha kaa kimebanwa kwenye mpira. Ikasimama, labda sekunde tano, ikajikwamua. Namba kwenye kioo haikusimama hata kidogo. Ikafika tano, ikapiga mlio wake wa furaha, mjinga yule. Akina mama wakapiga makofi.

Kopo linalopokea maziwa ni la aluminiamu, huoni ndani. Fosia akamwambia Isnino:

"Wewe mkono yako inajua uzito. Inua, utuambie."

Akainua kwa mikono miwili. Mama huyu hupima kwa kuinua kabla jagi halijagusa maziwa, sijawahi kumwona akikosea. Pale palipungua karibu kikombe cha chai, na nilimwona akijua. Akalitua. Hakumtazama Fosia, alinitazama mimi.

"Ni tano. Imetosha, wallahi."

Miaka kumi na tisa. Leo ndiyo mara ya kwanza amepunja, maana kituo kitamlipa Nafiso tano kamili, na ameapa juu yake. Sijui kama ni kwa ajili ya kigoda au ni kwa ajili yangu. Na mimi niliinama kukaza waya ambao haukuwa umelegea. Nina aibu mpaka masikio yanawaka.

Kutoka hapa nawaona kupitia mlango. Nafiso ameinuka na kikombe chake, amekwenda kwenye kigoda, amepiga magoti. Ameshika mikono yote miwili ya Isnino. Anamwomba msamaha kwa maneno ya Jumatatu, mbele ya kila mtu, kwa sauti, analia. Isnino anatazama huku mlangoni.

Kopo la Nafiso bado liko mezani, halijamiminwa kwenye tangi pamoja na mengine. Fosia ameweka kikombe chini na anakwenda kulichukua; likishamiminwa, hakuna wa kulipima tena.