Krimu ya Pelajia

KITUO CHA POLISI CHA GASHARU
MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Kupiga na kujeruhi
Jina la shahidi: Mukarusine Languida
Umri: Miaka 59
Kazi: Mpishi wa shule ya msingi
Makazi: Kijiji cha Rugarama, tarafa ya Gasharu
Uhusiano na mtuhumiwa: Dada yake, baba mmoja, mama mmoja
Tarehe: Jumatatu, 27 Novemba 2023, asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa wala sikuletwa na mtu. Nimeambiwa nieleze niliyoyaona Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, pale uwanjani kijijini. Nitaeleza, ila nitaanzia nyuma kidogo, maana ukianzia Jumamosi utadhani mdogo wangu alipandwa na wazimu wa ghafla. Hakupandwa na kitu. Alikuwa na akili zake zote.

Mtuhumiwa Sebatware Anastazi ndiye anayenifuata kuzaliwa. Ana baa ya pombe ya ndizi na mishikaki ya mbuzi pale njia panda. Mkewe anaitwa Uwamariya Pelajia, ana miaka hamsini na miwili. Watoto wao wamekua na wameondoka nyumbani. Kati ya nyumba yao na yangu kuna migomba tu, na mimi ni mjane, kwa hiyo jioni nyingi hunikuti kwangu, unanikuta jikoni kwa Pelajia.

Mwaka juzi hedhi ya Pelajia ilikoma. Kwanza mwili ukawa unawaka moto, anatoka nje kwenye baridi anajipepea na kanga. Baadaye akaniambia jambo jingine, tena akiwa amenipa mgongo, anachambua maharagwe. Alisema, "Wifi, nikilala na mume wangu ni kama nimepakwa pilipili. Mara nyingine natoka damu." Nikamuuliza kama amemwambia mwenyewe. Akasema amemwambia, na Anastazi amemjibu, "Kwa hiyo na wewe umeshakuwa mukagatare."

Umeniambia nilifafanue neno hilo kwa ajili ya jalada, afande, ingawa unalijua fika, nimeona ulivyotabasamu. Mukagatare ni mwanamke wa mwamba. Mkavu, asiyetoa maji chumbani. Kwetu wanaume hujisifia maji ya wake zao wakishalewa, na mwanamke akibandikwa jina hilo ni heri angetukaniwa mama yake.

Neno hilo lingebaki chumbani kwao ningenyamaza, si chumba changu. Lakini Anastazi alilipeleka baani. Jioni moja Pelajia alikuwa anapeleka chumvi mezani, na mteja mmoja akalalamika kuwa mshikaki wake umekauka. Anastazi akasema kwa sauti, "Usinilaumu mimi, jamaa yangu. Huyu kila anachokigusa kinakauka. Mimi mwenyewe nalala na mwamba!" Watu walicheka hadi wengine wakamwaga pombe. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Pelajia aliweka chumvi, akamwomba yule mteja radhi kwa sababu ya mshikaki, akatoka. Huko kuomba radhi ndiko kulikonichoma moyo.

Kesho yake nilimwambia, "Vaa, tunakwenda." Kituo cha afya walituelekeza hospitali ya wilaya. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanetu. Alipouliza shida ni nini, Pelajia aliangalia sakafu, ikabidi niseme mimi. Daktari hakucheka. Alimuuliza kama aliwahi kuwa na saratani ya titi, na kama ametoka damu nyingine tangu hedhi ikome, mbali na ile ya kuchubuka. Akampima nyuma ya pazia. Kisha akatueleza kwamba hedhi ikikoma, mwili unapunguza homoni fulani, na ngozi ya ndani ukeni inakuwa nyembamba na kavu. Alisema wanawake wengi sana wanapata hali hiyo, ila hawasemi. Akampa krimu yenye homoni hiyo, ipo kwenye tyubu, pamoja na mrija wa plastiki wa kuiingizia, unafanana na sindano isiyo na ncha. Apake kila usiku wiki mbili za mwanzo, baada ya hapo mara mbili kwa wiki. Akatuonya kuwa si mafuta ya kulainishia, asipake akiwa anaelekea kukutana na mumewe, na avumilie, maana inachukua wiki kadhaa. Mwisho akasema, "Mara nyingine uje na mzee." Tulipofika nje Pelajia akaniambia, "Nije naye kwa kamba?"

Boksi la dawa alilitupa chooni ili Anastazi asilione. Tyubu na mrija alivifunga kwenye kitambaa, akavificha ndani ya chungu cha unga wa mtama. Anastazi alikuwa hajawahi kutia mkono humo tangu azaliwe.

Baada ya muda Pelajia alianza kuimba jikoni. Sikumuuliza kitu. Mwenyewe alinambia, "Wifi, sasa nalala kama watu." Tukacheka wote wawili kama wasichana, na mimi nikadhani mambo yamekwisha.

Katikati ya mwezi huu Anastazi alinijia nyumbani. Alikaa akazungusha kofia yake mikononi, kisha akasema, "Dada, mke wangu amebadilika."

Nikamwambia, "Hukutaka abadilike?"

Akasema, "Mwanamke wa umri ule hatoi maji kama chemchemi. Ama ana mwanamume, ama amenitilia kitu. Nimemuuliza, haya maji umeyatoa wapi, ananiambia ni Mungu."

Nilimjibu, "Ametibiwa hospitali. Kaa na mkeo akueleze."

Akasema, "Hospitali inatibu malaria." Akavaa kofia akaondoka. Mtu aliyelia ukavu mwaka mzima sasa analia maji! Nilicheka peke yangu siku ile.

Jumamosi tarehe 25 Novemba tulikuwa kwenye umuganda. Kijiji kizima kilikuwa kinazibua mtaro wa barabara ya shule, kwa sababu ya mvua. Tulipomaliza, kama saa tano hivi, tukakusanyika uwanjani kwa mkutano kama kawaida. Mkuu wa kijiji, mzee Habarugira, alizungumzia vyoo na bima ya afya, kisha akauliza kama kuna mwenye jambo jingine. Anastazi akasimama. Jembe alikuwa nalo mkono wa kushoto. Mkono wa kulia akauingiza kwenye koti, akatoa ile tyubu na ule mrija, akavinyanyua juu.

Alisema, "Ndugu zangu, nimeipata inzaratsi ndani ya nyumba yangu. Ilikuwa kwenye unga!"

Inzaratsi, kwa wasiojua, ni dawa ambayo inasemekana wanawake huwatilia waume zao kwenye chakula au pombe ili wawe mazuzu, watii kila wanaloambiwa. Mimi nimepika miaka yote hii, sijawahi kuiona. Lakini kwetu likitamkwa neno hilo, wanaume wote wanashika matumbo.

Anastazi akaendelea. "Na huu ndio mrija wa kunipimia! Mnashangaa nini? Mwezi huu nimemnunulia kitenge bila kuombwa. Juzi nimejikuta nabeba ndoo ya maji kutoka kisimani. Mimi!" Hakuna aliyecheka, afande. Wanaume waliguna, na mmoja akasema ni kweli, aliiona ile ndoo kwa macho yake.

Mzee Habarugira akamwita Pelajia mbele. Akamwambia, "Mama Klarisa, jitetee. Hiki ni nini?"

Pelajia akasema, "Ni dawa yangu."

"Ya ugonjwa gani?"

Mbele yake walikuwa wakwe zake, walimu, wateja wa baa, vijana aliowapakata utotoni. Mzee akarudia swali. Pelajia akafunga macho. Wanawake wengine wakaanza kunong'ona kwamba angekuwa msafi angesema. Na Anastazi, ambaye amelala na mwanamke huyu tangu ujana wao, akasema, "Mnaona? Kama ni dawa, basi ailambe hapa mbele yenu."

Pelajia alichukua ile tyubu mkononi mwa mumewe. Akafungua kifuniko, akaminya kidogo kwenye kidole, akaanza kukipeleka mdomoni. Nataka jambo hili liandikwe vizuri. Alikuwa tayari kulamba dawa ya kupaka ukeni mbele ya kijiji kizima, mradi asilazimike kulitaja neno.

Nilisimama nikapiga kelele, "Pelajia, acha!" Nikapita katikati ya watu. Nikasema, "Hiyo si inzaratsi. Ni krimu ya ukavu wa ukeni. Hedhi ikikoma mwanamke anakauka, na daktari ndiye aliyempa, nilikuwepo. Inapakwa ndani, kwa mrija huo. Na wewe mdogo wangu, badala ya kuwapungia watu mrija huo, jiulize ulikuwa umeingizwa wapi."

Wanawake ndio walioanza kucheka. Anastazi akauangalia ule mrija, akautupa kama umemng'ata. Mwanamume mmoja nyuma, sikumtambua ni nani, akapaza sauti, "Kumbe chemchemi ya Anastazi inauzwa dukani!" Hapo uwanja mzima ukalipuka, wanaume kwa wanawake. Kicheko kilekile cha baani, safari hii kimemgeukia yeye.

Anastazi akashika jembe kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyesema, na nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Hakunigusa. Alimgeukia Pelajia akampiga kwa mpini. Pigo la kwanza lilitua kwenye mkono wa kushoto, Pelajia alikuwa ameuinua kukinga uso, na nilisikia mfupa ukivunjika. Akaanguka. Akampiga tena mbavuni akiwa chini, huku anasema, "Umenivua nguo! Umenivua nguo!" Sitaongeza chumvi: alitumia mpini, hakutumia chuma. Wanaume watatu wakamshika, na yule aliyepiga kelele nyuma hakuwa mmoja wao, maana nilimsikia bado anacheka huko nyuma. Mzee Habarugira aliokota tyubu na mrija, akaviweka kwenye bahasha, naiona hapo mezani kwako.

Tulimpeleka Pelajia hospitali. Alipoulizwa, alimwambia muuguzi kwamba ameteleza kwenye tope la mtaroni. Watu wa kituo hiki walipokwenda jana kumhoji, aliwaambia hivyo hivyo. Najua mnakusudia kumwachia Anastazi leo jioni kwa sababu hiyo.

Jana baada ya misa kaka yetu mkubwa, Gaspari, alikuja kwangu na shangazi. Hawakukubali hata kunywa maziwa. Gaspari alisema, "Languida, mwenyewe amesema ameteleza. Wewe umekuwa nani? Utamfunga ndugu yako kwa ajili ya mafuta ya wanawake?" Shangazi akasema kama ningefunga mdomo pale uwanjani, mkono wa mtu usingevunjika. Nikamjibu, "Shangazi, ningefunga mdomo angelamba, na leo mngekuwa mnamfukuza kwa uchawi." Wakaondoka bila kuaga. Gaspari alisema nikifa nisizikwe kwenye shamba la baba.

Kutoka hapo nilikwenda wodini. Nilimuuliza Pelajia kwa nini anamwongopea afande. Akasema, "Wifi, nikishtaki nitaulizwa tena ile dawa ni ya nini. Na safari hii wataandika." Nilimuuliza pia anatumia nini sasa hivi. Akasema hatumii kitu, na hataitaka tena dawa ile hata apewe bure, bora alale na mwamba wake mwenyewe. Uso wake ulikuwa ukutani.

Ndiyo maana nimekuja mimi. Yeye hawezi kusema, basi nimesema. Anastazi nimembeba mgongoni, nimemfuta kamasi, nampenda hata leo na namwonea hasira. Nilimwona akimpiga mkewe kwa mpini wa jembe, na mkewe hakuteleza. Akiachiwa leo, Pelajia atarudishwa kwake, na hatafungua tena kinywa mbele ya daktari yeyote wala afande yeyote.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, nimeyasema bila kushurutishwa, na nitayarudia mahakamani mbele ya Anastazi na Gaspari na yeyote atakayetaka kucheka.

Saini ya shahidi: Mukarusine L.

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya mimi, Inspekta Nkundabagenzi T., na kumsomea shahidi kwa Kinyarwanda. Kuna nakala ya kwanza ambayo shahidi alikataa kuitia saini, kwa sababu pale aliposema "ukavu wa ukeni" nilikuwa nimeandika "maradhi ya kike." Nilimweleza kuwa maana ni ileile. Alijibu kwamba kama maana ni ileile, basi niandike lile alilolisema yeye, kwani neno hilo kutotamkwa kumeshamvunja mtu mkono. Nimeandika upya maelezo yote kuanzia mwanzo. Ametia saini. Mtuhumiwa ataendelea kushikiliwa.