Kichwa Kinapona Nikiwa Mbali na Mume Wangu

Shangazi Sundus, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa College Park, na kabla sijafanya jambo la kujutia naomba unisikilize, maana mama yangu yuko mbali na huku Marekani sina wa kumwambia.

Mwaka jana benki ilimnyang'anya mwenye nyumba wetu wa Bowie nyumba yake, na sisi wapangaji tukatolewa pamoja naye, basi mume wangu Silvanus akasema tusihangaike, akanunua RV, lile gari lenye vitanda na jiko humo humo ndani, kwa rafiki yake Kipkemboi, Mkenya ambaye mkewe Chepkoech ni kama dada yangu, tukaliegesha kambini huku na mtoto wetu Irene, na wakati wa joto ilikuwa raha tupu, tunachoma nyama nje, mpaka nikajiona niko likizo.

Shangazi, baridi ilipoingia raha ilikwisha. Kuta zinatiririka maji, godoro limeota ukungu chini, gauni la kanisani linanuka uvundo mpaka naona haya kukaa karibu na watu, na Irene anaamka ananiambia, "Mommy, the wall is crying," na kweli ukuta unalia. Silvanus anasema gari linavuja, amepanda juu ya paa na gundi mpaka majirani wanamshangaa, lakini maji yanakuja hata siku isiyo na mvua, tena nikichemsha maharage ndiyo yanazidi.

Anasema Kipkemboi katuuzia kimeo, tena alikiri kwa mdomo wake, maana siku ya kutukabidhi funguo alisema kwa Kiswahili chao kile, "Winter ikifika, usiku msisahau madirisha, mnakreki kidogo," na mume wangu, ambaye alikuwa fundi gereji kule Ifakara, akajua anaambiwa madirisha yana kreki, yamepasuka, basi akanunua plastiki na utepe akayaziba yote, na kile kitundu cha juu cha kutolea mvuke akakishindilia blanketi kuukuu. Sasa Silvanus hampi Kipkemboi hata salamu, kwa Chepkoech amenikataza kwenda, na ameapa kwamba Jumapili baada ya misa ya Kiswahili atamuumbua mbele ya watu wote.

Lakini kinachoniliza si hicho. Kila nikiamka kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, nikadhani ni mimba, nikapima, siyo. Irene naye anaamka mlegevu, juzi alitapika. Silvanus, mtu mpole, siku hizi anafoka hata kijiko kikianguka. Sisemi hatujali, maana hita ya gari ilikufa, ya umeme tukiiwasha pamoja na mikrowevu umeme unakatika, kwa hiyo anatuachia jiko la gesi liwake moto mdogo usiku kucha. Mimi nimeanza kumdanganya kwamba nina zamu ya ziada kwa bibi ninayemhudumia Temple Hills, kumbe namchukua mtoto tunaenda kwa Chepkoech, tunajilaza mahali pakavu, na Shangazi, haipiti muda kichwa kinapona chenyewe, Irene anarukaruka. Nikirudi kwa mume wangu kinaanza upya.

Mwili haudanganyi. Naona ndoa yangu ndiyo inayoniua, na Chepkoech ameniambia chumba kipo. Nampenda mume wangu, lakini niondoke? Namba ya simu nimeiweka hapo chini, ukitaka kunigombeza nigombeze.

Mama Irene

*

Mama Irene, marahaba.

Wasomaji wangu, barua hii haikungoja gazeti. Niliifungua asubuhi na kikombe cha chai mkononi, nikafika penye jiko la gesi, chai ikamwagika juu ya karatasi, nikairukia simu. Akapokea mwanamume. Nikamwambia, "Baba, zima jiko, mchukue mkeo na mtoto, tokeni nje hivyo hivyo mlivyo." Akaanza, "Samahani mama, naongea na nani?" Nikamwambia tutajuana mkishatoka. Toka!

Wakatoka. Wakaita zimamoto, nao walipoingiza kipimo chao mlangoni tu kikapiga kelele. Ilikuwa hewa ya sumu, isiyo na harufu wala rangi, inayotoka jiko linapowaka mahali palipozibwa. Hospitali wakapewa hewa safi, na wote watatu wako hai, wazima. Alhamdulillahi! Nililia, nami si mtu wa kulia ovyo.

Haya, machozi yamekauka, sasa ya kugombeza yapo. Mwanangu, ni kweli mwili haudanganyi, ila wewe uliutafsiri vibaya. Mwili ulikuwa unakwambia utoke kwenye gari, wewe ukasikia utoke kwenye ndoa. Masikini ya Mungu, mume unamhukumu kwa kosa la jiko! Na mtoto ametapika, badala ya kumpeleka kwa daktari unamwandikia Shangazi. Mimi ni daktari wa nani?

Silvanus, najua nawe unasoma. Fundi gereji mzima! Ungemwona kijana anaacha injini inanguruma ndani ya banda lililofungwa ungempiga kofi, wewe unawasha moto ndani ya kopo na kuziba kila tundu. Na hiyo kreki yako nimeiulizia kwa Kipkemboi. Alicheka mpaka akapaliwa, halafu alipoelewa akaniuliza, "Shangazi, mtoto yuko sawa?" Baba, huku mtu akikwambia ukreki dirisha, hasemi limepasuka. Anasema uliache wazi kidogo, kiasi cha kidole, hewa ipite. Mkenya kachukua Kiingereza kakivisha Kiswahili, Mtanzania kasikia cha gereji. Mmoja anasema fungua, mwenzake anaziba! Na kwa neno hilo hilo lililotaka kukuokoa ulikuwa unakwenda kumuumbua mwenzio kanisani. Paa lako wala halivuji. Yale maji ni pumzi zenu na mvuke wa maharage, umekosa pa kutokea ukageuka maji ukutani.

Sasa nisikilizeni, sirudii. Plastiki yote itoke, na lile blanketi. Jiko ni la kupikia, tena dirisha likiwa wazi, na chakula kikiiva linazimwa. King'ora cha hewa ya sumu kinunuliwe kabla ya chumvi. Hita ya umeme iwake peke yake, mikrowevu ikae kimya. Godoro hilo litupwe, usiniambie utalianika. Hita ya gari itengenezwe na fundi wa gesi aliyesomea, siyo wewe Silvanus, na mpaka itakapopona mlale kwa Chepkoech. Si chumba kipo? Basi ni cha familia nzima. Maharage nayo yachemkie huko huko, mle wote.

Kuhusu zamu ya ziada, Mama Irene, nilikwambia sichapishi hata herufi mpaka mumeo aisikie kwako. Umemwambia, na yeye badala ya kufoka akakushukuru kwamba mtoto alipata pa kupumulia. Umepata mume. Lakini uongo uliokusaidia mara moja usiufanye mazoea.

Na Jumapili, Silvanus, mpango wako usiufute. Baada ya misa msimamishe Kipkemboi mbele ya watu wale wale uliotaka wasikie, umpe mkono, umwombe radhi kwa sauti ile ile.

Mama Irene amenipigia leo kutoka kwa Chepkoech. "Shangazi, nimeamka kichwa chepesi, na yeye nilikuwa naye chumba kimoja! Ila kuna jambo jingine. Kumbe anakoroma? Kule kwenye gari hakuwa hivyo, alikuwa analala kimya kabisa."

Mwanangu, hilo sina dawa yake, wala usiende kuitafuta. Mwache akorome. Anayekoroma anapumua.