Mwani Uliovunjwa Stesheni

Nyumbani kwa Hye-ran,
Shinjo, Yamagata,
Japani.

4 Februari 1993

Mpendwa Dada Gop-dan,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji iliyofika madirishani. Magoti yako yanaendeleaje? Na shemeji, kifua kimepoa? Nasikia huko São Paulo sasa hivi mtu anatoka jasho akiwa ameketi tu. Punguzeni joto hilo kidogo mnitumie. Mwambie shemeji aache kubeba majora ya vitambaa peke yake, cherehani hazitakimbia. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vya miguu vimevimba kwa baridi.

Najua tabia yako ya kuanzia ukurasa wa mwisho. Safari hii nakuomba usome kwa mpangilio, maana mimi habari hii niliipata vipandevipande, na nataka uione ilivyokuwa.

Hye-ran wangu unamkumbuka, yule wa kwenye picha ya shule, aliyesimama mbele kwa sababu mwalimu alitaka watu wamwone. Sasa anaongea Kijapani mpaka wauza samaki wa hapa wanamuuliza ametoka kijiji gani cha milimani. Hilo nimelisema nyumbani mpaka majirani wananikimbia. Nilipokuwa nafunga mizigo nije kumwangalia atakapojifungua, Deok-ja wa mlango wa pili alikuja kusimama pale na mikono kiunoni.

"Pil-sun, mwanao anaongea kama redio, hatubishi. Wewe je, utasema nini huko? Utabweka?"

"Nitasema Hye-ran. Inatosha."

"Haya, mama Hye-ran. Ukipotea, sisi hatukujui."

Mwani niliununua Wando mwenyewe, kwa yule mama wa gatini anayeuanika bila mchanga hata chembe. Aliniuliza, "Wa mzazi?" Nikasema wa mzazi. Sikubishana bei, kama mama alivyotufundisha, naye akauchagua ule mrefu, unanifika kifuani, akaufunga kwa kamba ya majani bila kuukunja popote. Wewe unajua, hata kama huko Brazili mzazi mnampa chakula chochote. Mwani wa supu ya mzazi haukunjwi wala hauvunjwi mpaka mtoto atoke. Ukiuvunja kabla, unamfungia mama njia.

Siku moja kabla ya safari Hye-ran akapiga simu. Uchungu ulikuwa umeanza mapema.

"Mama, mkweo Shigeki hataweza kukupokea, yuko nami hospitali. Ngoja kwanza. Huku theluji inaanguka vibaya."

"Mimi nimezaa wanne huku navuna vitunguu saumu. Theluji ni kitu gani?"

Halafu akasema kwa sauti ya utoto wake, "Mama, naogopa." Mimba yake ya kwanza iliharibika, nilikuandikia. Basi niliondoka.

Ndege ilinishusha Sendai. Msichana mmoja wa uwanjani aliyejua lugha yetu akanipeleka mpaka kwenye treni, akaniandikia kadi yenye jina la mji na namba ya simu ya nyumbani kwa Hye-ran. Akaniambia, "Mama, kaa tu, usishuke mpaka mwisho." Nikakaa, mwani wangu umesimama katikati ya magoti ndani ya kitambaa chekundu, nikajiona mtu wa maana sana.

Katikati ya milima treni ikasimama kwenye kijistesheni. Sauti ikatoka juu ikaongea maneno mengi. Watu wote wakaguna pamoja, wakainuka, wakashuka. Mimi nimeambiwa nisishuke, nikakaa. Akaja mtu wa treni akainama mbele yangu. Nami nikainama. Akainama zaidi. Nikamwonyesha kadi, akaisoma kwa heshima kama ni ya benki, akanionyesha mlango. Nje, theluji ilikuwa imezika reli zote.

Kile chumba cha kungojea kilikuwa na jiko la mafuta, benchi, mume na mke waliobeba kikapu cha matofaa, na mama mmoja mzee mwenye kilemba cha zambarau. Alinisogezea nafasi karibu na moto, akanipangusa theluji mabegani kama mwanawe. Halafu akauona mwani wangu unadondoshewa maji ya paa. Akautoa kwenye kitambaa upesi, akautazama urefu wake, akatazama begi langu, akaushika kwa mikono miwili aukunje katikati ili auingize humo ndani.

Dada, nilipiga kelele. "Mama wewe, achia! Unamuua mwanangu!" Nikaunyakua kutoka mikononi mwake mpaka akayumba.

Yule mzee akarudisha mikono yake mapajani, akaitazama. Na mimi sikuwa na neno hata moja la kuitengeneza ile aibu. Mama yetu alikifahamu Kijapani kwa kuchapwa, Wajapani walipotutawala, na baada ya vita akaapa hakitasikika tena chini ya paa lake. Wewe walikulazimisha shuleni, ukakichukia, na mimi nilizaliwa nikiwa nimechelewa kwa hilo. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilikuonea wivu. Hata "samahani" yao wewe unaijua.

Nikajaribu kwa mikono. Nikashika tumbo, nikakunja uso kwa maumivu. Yule mwenye matofaa akaruka, akatoa vidonge vya tumbo mfukoni. Mkewe akaniletea maji ya moto. Nikakataa, nikashika tumbo tena, wakaongeza vidonge. Nikachora tumbo kubwa hewani, nikajionyesha mimi, na yule mume akanitazama mvi zangu, akamwambia mkewe kitu ambacho sihitaji kutafsiriwa, kwa sababu mkewe alimpiga kofi la bega na wote wakacheka. Hata mimi nilicheka, huku machozi yananitoka.

Nikafungua pochi nikatoa picha ya Hye-ran. Nikamgusa yeye, nikagusa tumbo, nikabeba mtoto wa hewa. Hapo wakasema "Aaa" kwa pamoja. Kisha nikainua mwani, nikajifanya naukunja, nikakunja uso na kushika tumbo. Nikaunyoosha, nikaonyesha mtoto anateleza anatoka vizuri. Nikarudia. Yule mzee alikuwa ananitazama mikono tu. Polepole akasogea, akaushika mwani upande wa chini, ili usiguse sakafu. Tukakaa hivyo, mimi juu yeye chini, kama wanaobeba jeneza la sungura.

Mkuu wa stesheni akaichukua ile kadi akaenda kupiga simu. Alisema kidogo, akasikiliza sana. Alipogeuka, aliniambia mimi taratibu, neno baada ya neno, kama vile kusema polepole kungenisaidia. Nikamwangalia mdomo. Akaniletea simu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mkwe mwenzangu Tokiko, ambaye nimekutana naye siku ya harusi tu. Alikuwa analia, au anacheka, au vyote. Nikasema, "Hye-ran? Hye-ran?" Naye akasema "Hye-ran," halafu maneno, halafu "Hye-ran" tena. Jina la mwanangu lilikuwa linapita ndani ya maneno yale na sikujua kama linaitwa au linaliliwa.

Simu ikakatika. Mkuu wa stesheni akawaeleza wengine. Mke wa matofaa akafunika mdomo. Mumewe akavua kofia. Dada, wote mle ndani walijua habari za mtoto wangu, watu ambao hawajui hata nimetoka nchi gani, na mimi niliyemzaa sijui. Niliwaambia, "Niambieni." Niliwaambia kwa Kikorea, kwa nguvu, nikiwageukia mmoja mmoja. "Nyie mna watoto. Niambieni tu." Waliniinamia.

Ndipo yule mzee akainuka, akashika mwani wangu juu kabisa, karibu na uso wangu. Akanitazama ili awe na hakika kwamba namwona. Akauvunja.

Ulilia kama kijiti kikavu. Nikakaa chini sakafuni. Kwa sababu yeye alikuwa ameelewa kila kitu, na kama ameuvunja, basi mtoto ametoka.

Nikamkumbatia miguu. Kisha nikashtuka, nikamwonyesha ile picha: na huyu? Mama yake je? Nikagusa uso wa Hye-ran kwenye picha, nikagusa tena. Yule mzee akaifunika picha kwa kiganja chake chenye joto, akaacha mkono pale. Hakufanya ishara nyingine. Akanipa tonge la wali alilolifunga kwa safari yake, nikala kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kumjibu.

Njia ilipofunguliwa jioni, alipanda nami. Nafikiri kwao ilikuwa ni upande mwingine, maana mkuu wa stesheni alimnyooshea kidole kule na yeye akampungia mkono wa kumnyamazisha. Alinifikisha Shinjo mpaka mikononi mwa Shigeki, akainama, akarudi kwenye treni. Jina lake silijui. Tulipeana majina mengine yote isipokuwa yetu wenyewe.

Sasa soma hapa. Hye-ran yu hai. Alipoteza damu nyingi sana, na wakati ule wa simu daktari alikuwa hajatoka chumbani. Ndiyo Tokiko alikuwa analia na kucheka. Alisema mtoto salama, mama bado hatujui. Yule mzee alisikia yote mawili. Lile moja akanipa, na lile lingine akalifunika kwa mkono wake, akalibeba yeye mpaka Shinjo. Mpaka leo sijui ni kwa sababu hakuwa na ishara yake, au alikuwa nayo.

Hye-ran alipoweza kukaa nikamletea supu. Akatazama bakuli, akatazama mwani uliobaki ukutani.

"Mama, umevunjika."

"Umevunjwa. Kwa heshima."

"Na nani?"

"Simjui."

"Humjui, ukamwachia mwani wa mzazi? Wewe uliyemfukuza Deok-ja kwa kuugusa tu?" Akaanza kucheka akishika mshono. "Usinichekeshe, mama, naumia."

Mtoto ni wa kiume. Sisemi kwa kuwa ni wangu, lakini wauguzi wenyewe waliwaita wenzao waje waone masikio yake. Mnene, hana papara. Asubuhi Tokiko anakuja, tunakaa jikoni pande mbili za mtoto. Yeye anamwambia yake, mimi namwambia yangu, na mtoto anatuangalia kwa zamu.

Uliniandikia mwaka jana kwamba mjukuu wako Marcelo anakukimbia kwa kuwa Kireno chako hakifiki na Kikorea chake hakipo. Nililiona ni jambo la huko mbali. Sasa najua ni wapi nitakapokaa huyu atakapoanza kusema. Nitakuwa tena mle chumbani mwa stesheni, nimeshika kadi.

Kipande nilichofungia humu ni cha mwani uleule, sehemu iliyovunjwa. Si cha kupika. Mkalishe Marcelo mbele yako, usiseme kitu, ukivunje. Kisha mwonyeshe picha ya mtoto. Uone kama hatakaa.

Nisalimie shemeji, mwanao Young-il na mkewe, na huyo Marcelo mshike shavu kwa niaba yangu. Hye-ran, Shigeki na Tokiko wanakusalimu, Tokiko ameinama kabisa mbele ya bahasha hii nikaona nikuandikie. Mbingu ziwalinde hapo ugenini, na mkono wa mtu msiyemjua uwe na joto siku mtakapouhitaji.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Pil-sun, bibi wa mtoto mwenye masikio