Nyumba Uliyoipima kwa Jua

Mpendwa Mama Upendo,

Sikuulizi hali. Ulikolala, kwenye migomba ya marehemu baba kule Nkoaranga, najua hakuna anayekusumbua. Mwenye habari ni mimi. Mwaka huu nilikaribia kuiuza nyumba yetu. Isingekuwa msimu wa baridi, saa hizi ingekuwa ya mtu mwingine, nami ningekuwa nakuandikia barua ya kuomba radhi. Hata hii ina radhi ndani yake, ila si ya kuuza.

Mwezi wa tano binti yetu alimleta mthamini wa majengo, dada mmoja wa mjini anayeitwa Rehema. Alinipa shikamoo yangu kwa heshima zote, akazunguka na tepu yake, akagonga kuta, akachungulia choo kule nyuma, akaandika. Alipomaliza aliniambia kwa upole kwamba chenye bei pale ni kiwanja. Nyumba yenyewe ni ya kizamani: sakafu haina marumaru, vyumba vidogo, choo kiko nje, na upande wa barabarani hauna hata dirisha moja.

"Mwalimu, mnunuzi wa leo akiona ukuta mtupu namna ile, hata geti hagongi," alisema.

Nilitaka kucheka. Ukuta ule! Wewe na mimi tulinuniana wiki nzima kwa sababu ya ukuta ule.

Unakumbuka tulipokipata kiwanja? Mimi nilikuwa tayari nimenunua saruji na nimeshaongea na Fundi Saidi. Wewe ukasimamisha nguzo katikati ya majani, ukaanza kupigilia vijiti pale kivuli chake kilipofikia: asubuhi kijiti, mchana kijiti, jioni kijiti. Nikadhani ni mchezo wa Jumamosi moja. Wiki iliyofuata ukarudi, na mwezi uliofuata tena. Ulianza mwezi wa sita, na Krismasi ikakukuta bado unapigilia. Mifuko yangu miwili ya saruji iliganda ikawa mawe. Walimu wenzangu wakaniuliza kama mke wangu anapanda miti isiyo na majani.

Siku nilipokasirika kweli ulikuwa umekaa kwenye cherehani, unapima gauni la bibi harusi. Nikakuambia tunachekwa. Hukunyanyua macho.

"Mwalimu, hivi mimi naweza kukata kitambaa kabla sijampima mwenye gauni?"

"Na kule kiwanjani unampima nani?"

"Jua," ukasema, ukaendelea na pini zako.

Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia. Kila mwaka nilikuwa nasimama mbele ya kidato cha pili na tufe mkononi, naeleza kwamba mwezi wa sita jua liko Kaskazini mwa Ikweta na mwezi wa kumi na mbili liko Kusini. Kisha nafunga daftari, narudi nyumbani, nabishana na mke wangu kuhusu dirisha. Haikunijia hata siku moja kwamba jua lile la kwenye tufe ndilo hili linaloanika nguo zetu. Wewe uliyeishia darasa la saba ulikuwa umeliona kwa vijiti: wakati wa baridi vivuli vinalala upande mmoja, wakati wa joto vinahamia upande wa pili.

Kwa hiyo ukataka dirisha kubwa lielekee mlimani, Kaskazini, ili jua la Julai likijitokeza kidogo tu liingie ndani. Mimi nilitaka dirisha kubwa lielekee barabarani, Magharibi, watu wakipita waone mapazia. Ndiyo, ni mapazia. Sasa hivi nasema bila aibu. Wewe ukasema jua la saa tisa la Januari litatukaanga humo ndani kama vitumbua. Ukashinda. Upande wa Magharibi ukapata ukuta mnene wa mawe meusi na upenu mpana, basi.

Halafu likaja suala la dari. Ulimwambia Fundi Saidi ajaze maranda juu ya dari, yale mabaki ya randa kutoka kwa maseremala wa Tengeru. Yule mzee alishuka kwenye ngazi kabisa ili akutazame vizuri.

"Mama, maranda juu? Unataka kufuga kuku darini?"

"Wewe jaza, fundi. Kuku nitawaleta mwenyewe."

Kuku hawakuja, walikuja panya. Mwaka wa pili walikimbizana juu ya vichwa vyetu hadi ukapanda mwenyewe, umejifunga kanga kichwani, ukayachanganya yale maranda na chokaa. Mimi nilikushikia ngazi huku nikikukumbusha kwamba nilisema. Ulishuka mweupe kama umepakwa unga, ukanitazama, ukaenda kuoga. Panya hawakurudi.

Sasa nikueleze kilichotokea.

Upendo na mumewe walipata nyumba ya kununua pembeni mwa mji. Nyumba nzuri, Mama Upendo, sitakudanganya. Nyeupe, ina nguzo mbele kama hoteli, vioo kuanzia chini hadi juu, dari ya jipsamu yenye mataa yaliyojificha. Mwenye nyumba alikubali wapange kwanza miezi mitatu kabla ya kulipa. Mpango ukawa mimi niuze huku, niwaongezee, nihamie kwao. Upendo alinitengea chumba cha chini ili nisipande ngazi, chenye choo humo humo. Na wewe unajua magoti yangu. Nilikubali. Nilipakia nguo, redio, na kile kipimajoto changu cha shule kilichokuwa kimening'inia ukutani miaka yote bila kazi. Nilienda kujaribu kuishi.

Sikwenda kutafuta makosa. Wiki ya kwanza nilikuwa mgeni mwema. Ila mstaafu hana kazi, na mtu asiye na kazi huanza kutazama. Nikaona taa ya ukumbi inawaka saa nne asubuhi. Nikaona asubuhi tunavaa masweta na hita inawaka, halafu siku jua likitoka, saa tisa, sebule yenye vioo inakuwa ya moto mpaka mapazia yanafungwa, na yakishafungwa taa zinawashwa. Nikachukua kipimajoto. Asubuhi nikakiweka sebuleni, mchana nikakirudia, nikavaa miwani nione kama nasoma sawasawa.

Upendo alinikuta nimesimama juu ya kiti.

"Baba! Utaanguka! Unatafuta nini huko?"

"Nauliza tu, mwanangu. Ile taa ya ukumbi mnaiwashia nini mchana?"

"Kuna giza, baba."

"Na hita asubuhi?"

"Kuna baridi."

"Na feni ile jana?"

"Kulikuwa na..." Akakunja uso, uso wako kabisa. "Baba, hii ni nyumba ya kisasa. Kila anayekuja anaisifia."

"Hata mimi naisifia. Ila anayekuja anaondoka. Sisi ndio tunaobaki nayo."

Alikasirika. Siku mbili hakunizungumzisha zaidi ya chakula. Halafu umeme ukakatika mtaa mzima, na pampu ya maji ikasimama nao. Mabomba yote ya kung'aa yakakauka. Nilimwona Upendo, na suti yake ya kazini, akibeba ndoo kutoka kwa jirani. Nyumbani kwetu tungekuwa tunakinga maji kwenye tenki la mvua lile uliloliinua juu ya mawe ili maji yateremke yenyewe. Nakuapia, nilimfungulia mlango tu.

Jioni ile ile yeye ndiye aliyenijia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba, kile kipimajoto chako kinasoma vizuri?"

"Kilikuwa kinasoma vizuri nilipokuwa nafundisha."

"Kipimo kimoja si kipimo," akasema. Unajua yeye ni mtu wa maabara. "Turudie. Huku na nyumbani, wiki nzima, saa zile zile."

Basi mimi nikarudi huku na kile cha shule, yeye akanunua kingine akabaki nacho kule. Asubuhi, mchana na jioni alikuwa ananipigia. "Soma, baba." Nasoma. "Uko wapi?" Chumbani. "Usikiweke juani." Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha hayo. "Soma tena." Mama Upendo, sijafurahi hivyo tangu ulipoondoka. Nilikuwa naamka mapema kusubiri simu ya kuulizwa joto. Kule kwake usomaji ulikuwa unapanda na kushuka kama mtoto kwenye bembea. Huku kwako ulikuwa unasogea taratibu, asubuhi ya baridi kali ndani kukiwa na uvuguvugu uliobaki jana kwenye mawe, mchana pakiwa pametulia. Hita sina. Feni sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa najua hivyo maisha yangu yote lakini sikuwahi kuona kama ni jambo. Nilidhani nyumba zote ziko hivyo.

Siku ya saba alikuja mwenyewe. Alipitia chumba kwa chumba akigusa kuta. Alipanda kuchungulia darini, akashuka na maranda kwenye nywele. Aliniuliza maswali ambayo mimi sikukuuliza: kwa nini upenu wa Kaskazini ni mfupi na wa Magharibi ni mrefu? Kwa nini jiko liko upande ule? Baadhi nilimjibu. Kuhusu jiko sikujua. Tulitoka nje tukasimama tukitazama moshi, tukagundua upepo unaotoka bondeni unaupeleka mbali na vyumba. Miaka yote hiyo sijawahi kukohoa moshi nyumbani kwangu, na sijawahi kujiuliza kwa nini.

Lakini nikuambie ukweli wote, kwa sababu wewe hukupenda kusifiwa kwa uongo. Si kila kitu ulikipatia. Choo nje kilikuwa sawa tulipokuwa vijana, leo mvua za masika zikinyesha naenda kule nikishika ukuta kama mlevi. Na ngazi zile za mawe kutoka barabarani zitanivunja mguu. Upendo alisema vizuri: nyumba inayomshinda mwenyewe kuingia, nayo ina gharama, hata kama haionekani kwenye luku ya umeme. Nilikubali. Tungeweza kuliona hilo mapema, wewe na mimi, ila hakuna kijiti cha kupima uzee.

Hawakuinunua ile nyeupe. Mumewe hakupenda mwanzoni. Nguzo zile zilikuwa zimemwingia moyoni. Upendo alimweka mbele ya usomaji wa wiki nzima, kisha akamwomba ampigie mwenye nyumba amuulize juu ya dari kuna nini. Mwenye nyumba alijibu, "Juu ya dari kuna bati, na juu ya bati kuna mawingu, kaka." Mkwe wetu alicheka, halafu akaacha kucheka. Sasa wanahamia huku. Akiba yao itaingiza choo ndani, itaweka mtambo wa kuchemsha maji kwa jua, na itageuza zile ngazi kuwa njia ya mteremko mdogo. Vyumba viwili vitaongezwa upande wa Mashariki. Mkwe ameomba nguzo moja. Tumemkubalia.

Kwa ajili ya ujenzi huo, Rehema aliitwa tena kuthamini. Upendo alimwonyesha kila kitu. Rehema akaweka tepu chini, akakaa zaidi ya saa mbili, akanywa chai, akauliza maranda yanapatikana wapi.

"Mwalimu, fomu yangu haina sehemu ya haya mambo," akasema. "Mimi napima bei ya siku ya kuuza. Siku zinazofuata hakuna aliyewahi kunituma nizipime." Akageuza karatasi. "Nitaandika kwenye maelezo ya ziada. Aliyebuni na kusimamia ujenzi ni nani? Ni wewe?"

Hapa ndipo penye radhi yangu. Miaka yote watu wamekuwa wakikaa kwenye veranda hii na kusema, "Mwalimu, hapa umejenga." Mchungaji alisema. Kaka zako walisema. Walimu wale wale waliocheka vijiti walisema. Nami nilikuwa naitikia asante. Wewe ulikuwa unapita na sinia la chai, unasikia, unaweka sukari. Hukunisahihisha hata mara moja, wala faraghani hukunikumbusha. Nilikuwa najiambia kwamba mume na mke ni kitu kimoja. Lakini tulipokosea, panya walipoingia, nilijua vizuri sana kwamba ni wewe peke yako.

Ulimi wangu ulishazoea. Ulikuwa tayari kusema ndiyo. Upendo alikuwa amesimama mlangoni.

"Hapana," nikamwambia Rehema. "Mimi nilishika ngazi tu. Aliyebuni na kusimamia ni mke wangu, Eliamani. Alikuwa fundi cherehani."

Akaniomba nimtajie herufi. Nikamtajia moja moja, polepole, kama nilivyokuwa nataja ubaoni, naye akaziandika, na alipomaliza nikamwomba anisomee.

Lala salama, mke wangu. Ulikuwa sahihi, na nilichelewa kusema.

Mumeo,
Baba Upendo