Mukufu wenye nilimutumia Ukumu

Ngezi, Bunia

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia na mikono mbili. Mugongo wako iko namna gani? Siye huku tunapumua, na Neema pia anapumua, lakini nitakuambia.

Furaha shemeji, weye mwenye kumusomea mama, simama hapo kwanza. Enda kwa mutoto wako Ukumu, umutolee shingoni ule mukufu wa vizito vya nyavu wenye nilimutumia. Munawe mikono na sabuni, weye na yeye. Kisha urudi kusoma. Simu yenu haipite tangu siku tatu, ndiyo maana namupa dereva wa gari ya kwenu barua.

Mama, haya inanikamata hata kuandika. Unakumbuka namna ulinifundisha, ili nyavu za baba zizame: kupasua batri ya gari yenye imekufa, kuyeyusha risasi yake, ile madini nzito ya ndani, ku moto, kuimwanga mu vishimo vya udongo, itoke vizito. Huku niliendelea kumutengenezea kaka, mu kiwanja, Neema mugongoni. Na sufuria ya kuyeyushia ni ile ulinipa siku ya ndoa. Nilikuwa naisugua na majivu, kisha napika maharagi ndani. Meno ya Neema ilipoanza kutoka, nikamupa kizito kimoja atafune, anyamaze. Nilikuwa najisifu: "Angalieni, mutoto wa wavuvi!"

Kisha tumbo ikaanza kumuuma. Akakataa kula. Maneno kidogo yenye alikuwa anajua ikapotea, hata "mama". Nikasema ni minyoo. Siku alitetemeka mwili muzima, nikakimbia naye hospitali. Muganga mwanamuke akaniuliza:

— Mama Neema, nyumbani munafanya kazi gani?

— Nauzisha ndizi.

Mama, nilidanganya, na mutoto iko mikononi mwangu vile. Niliogopa kuchekwa. Siku tatu wakatafuta malaria yenye haikukuwa. Siku ya ine muganga akafungua ngumi ya Neema, akakuta kizito chake cha kutafuna.

— Na hii, mama, ni ndizi ya aina gani?

Nikalia, nikasema yote. Hakunitukana. Alisema risasi ni sumu, inaingia kwa moshi, kwa vumbi, kwa mudomo, na watoto wadogo inawaharibia akili. Kuchemsha sufuria haiiondoe.

Sasa sipike tena mu sufuria yako, unisamehe. Batri haziko tena kwetu. Vumbi ya nyumba napangusa na kitambaa chenye maji, sifagie kavu. Neema anakula kidogo, anacheka kidogo. Kusema, bado.

Sikulaumu, mama, haukujua. Lakini usiyeyushe tena, hata kaka akinuna. Mumusalimie yeye, muvuvi wetu, na mama mudogo mwenye kukausha samaki. Musiwafiche hii habari, hata kama ni haya yangu.

Furaha, Ukumu akikuita "mama", itika mbio. Mimi ningali nangojea.

Binti yako,
Rozine, Mama Neema