Bendera ya Korongo

Ellrangen, 6 Januari 1973

Mwanangu Roswitha,

Salamu nyingi. Mgongo unanisumbua na theluji imefika magotini, mengine namshukuru Mungu. Wewe je, huko Birkfurt unakula vizuri?

Jumatatu wilaya yetu imekufa. Miaka mia na sitini na tatu, kisha saini moja tu, tumemezwa na Birkfurt! Mimi asubuhi nikapandisha bendera yetu ya ndege korongo mbele ya ofisi, kama siku zote. Jana nimeletewa barua: niishushe kabla ya Ijumaa ijayo saa sita mchana, la sivyo nihame nyumba ya mtunza jengo. Chini pembeni, pale wanapoweka herufi za aliyepiga taipu, nikaona R.M.

Ni wewe?

Baba yako

Birkfurt, 8 Januari 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi sipati.

Ni mimi. Mkuu wa wilaya wa hapa anasema, mimi napiga taipu; ndiyo kazi yangu. Alitaka uhame siku ileile. Hiyo Ijumaa niliiomba mimi, nimesimama mbele ya meza yake. Atamtuma polisi, Baba, hatanii. Baraza limeshapitisha bendera mpya na korongo hayumo. Nakusihi, ishushe. Utakwenda wapi na mgongo huo?

Mwanao Roswitha

Ellrangen, 10 Januari 1973

Roswitha,

Mimi mzima.

Enzi za wale wenye mabuti, kabla hawajashindwa vitani, waliposema bendera ni yao tu, marehemu mama yako alimshona korongo wetu ndani ya godoro, tukamlalia miaka kumi na miwili. Leo nimshushe kwa barua ya taipu? Thubutu! Aje huyo polisi. Wewe usije, nisije nikakuona umesimama upande wao.

Baba yako, bado

Ellrangen, 14 Januari 1973

Mwanangu,

Hujambo? Hukuja, na ni mimi niliyekukataza. Basi nikueleze.

Jumatano, nilipotoka kuposti ile barua, niliishusha bendera niifue. Ilikuwa imejaa masizi, nami nilitaka polisi aikute safi. Kwa baridi hii haikukauka. Alhamisi mlingoti ukashinda mtupu kutwa nzima, nami nikawa dirishani nangoja mtu aulize. Mwoka mikate kapita. Mchungaji kapita. Jirani yetu Kläre kasimama palepale chini ya mlingoti, kaniita nje, kanisimulia habari za meno yake! Hakuna aliyeinua macho.

Ijumaa asubuhi ilikuwa imekauka. Nikaishika mkononi, nikasema nangoja mtu mmoja tu aniulize, nitaipandisha na liwalo na liwe. Saa sita akaja polisi. Akatazama juu, akanipa mkono. "Ahsante, mzee, umetumia busara."

Nyumba ninayo. Wewe huna kosa, nilikukasirikia bure, nisamehe. Lakini Roswitha, heri wangenifukuza.

Baba yako