Kilichoanguka ni cha Mfagiaji

Osaka, 14 Januari 1996

Kwako Babu,

Yoga, Babu, kama tunavyosalimiana nyumbani. Nakusalimu kutoka kwenye baridi ambayo sijui niilinganishe na nini. Mimi sijambo, isipokuwa vidole. Goti lako linaendeleaje? Na Mama Amondi, bado anakuletea uji na matusi?

Masomo ya uhandisi yanakwenda, lakini nakuandikia kwa jambo jingine. Huku watu wazima husoma hadithi za picha ziitwazo manga, kutoka kulia kwenda kushoto, hata ndani ya treni. Mimi napenda zile za isekai, yaani ulimwengu mwingine: mtu wa kawaida anajikuta ghafla katika nchi ya wafalme na mazimwi, anapewa upanga, anashinda. Nimechora yangu. Shujaa ni Ochom, karani wa malori wa Malaba. Nimekutumia nakala ya kurasa thelathini.

Mhariri wa jarida moja ameziona. Alisema, "Unachora vizuri, lakini nchi yako ikipulizwa itaruka." Hii ni mara ya pili kunirudishia. Mashindano ya wachoraji wapya yanafungwa mwisho wa Mei, na anayeshinda huchapishwa. Nikikosa tena, naweka kalamu chini nibaki na madaraja yangu. Wewe ulikuwa mwalimu, Babu. Sahihisha.

Mjukuu wako,
Adeke

Malaba, 11 Februari 1996

Mjukuu wangu Adeke,

Barua yako imenikuta mzima, ingawa goti lina maoni yake. Amondi anasema uji ni ule ule, matusi ndiyo yamepanda.

Nimesoma kwa kalamu nyekundu. Ngome yako iko juu ya jabali: nani hupandisha maji? Mfalme ana askari elfu kumi, nami nimetafuta shamba hata moja, kwa miwani na bila miwani. Zimwi linakula ng'ombe kila siku. Ng'ombe wa nani, na mwenyewe hulalamika wapi?

Halafu Ochom. Anaanguka kutoka juu, hakuna anayemuuliza karatasi, na jioni hiyo hiyo ana upanga. Mimi niliangukia ulimwengu mwingine mwaka 1977, nikikimbia askari kutoka Tororo, Uganda, hadi huku Kenya, maili chache tu. Nilikuwa na rejista ya darasa la nne na kiatu kimoja, cha kulia. Huku hakuna aliyejua kwamba nilikuwa mwalimu. Siku mbili nilikaa nikitazama malori ya mahindi kwenye foleni, na wanawake wakifagia punje zilizodondoka chini yake. Siku ya tatu mmoja wao akasimama mbele yangu. Ndiye Amondi.

"Boss, unatuhesabu?"

"Hapana, mama. Nina njaa."

"Sasa njaa unaikalia? Shika hii."

Akanipa ufagio. Kilichoanguka ni cha mfagiaji; dereva haulizi, polisi haulizi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyojifunza upande huu, na sijaiona imeandikwa popote. Mnyang'anye Ochom upanga, uanzie hapo.

Dada yangu, uliyepewa jina lake, bado yuko kule. Kila asubuhi nauona mwamba wa Tororo kutoka mlangoni, lakini sijavuka. Niliondoka mikono mitupu na sikutaka kurudi hivyo.

Babu yako,
Opolot

Osaka, 24 Machi 1996

Kwako Babu,

Natumaini goti limetulia. Mimi ni mzima, ila silali vya kutosha.

Nimebomoa nusu ya ufalme. Ngome nimeiteremsha hadi kwenye kivuko cha mto, na mfalme anaishi kwa ushuru wa nafaka inayopita. Ochom amepewa ufagio. Mama Amondi nimemchora, amependeza. Kisha mfalme anapiga marufuku kufagia, na wanawake wanalala njaa. Hapo Ochom anampokonya mlinzi upanga na kupasua magunia ya mfalme. Mahindi yanamwagika kama mvua, watu wanakula, wanamtawaza yeye. Nililia nikichora. Muonyeshe Mama Amondi, uniambie alichosema.

Mjukuu wako,
Adeke

Malaba, 15 Aprili 1996

Mjukuu wangu,

Sisi wazima. Mvua imeanza, barabara ni uji.

Nilimuonyesha Amondi. Alifika kwenye ukurasa wa magunia, akaufunika kwa kiganja.

"Huyu wenu ni mwizi," akasema. "Akija hapa tunamvunjia ufagio."

Kosa ni langu. Nilikupa nusu ya sheria. Kilichoanguka ni cha mfagiaji, lakini anayetoboa gunia hafagii tena maisha yake yote. Hata karani akilichoma kwa bambo, kile chuma cha kuchukulia sampuli, punje zinazotoka kwenye tundu hazifagiwi, zinarudi kwa mwenye mali. Polisi hawahukumu. Wanawake wenyewe humvunjia mkosaji ufagio mbele ya foleni nzima. Wanajua kwamba gunia moja likipasuliwa leo, kesho kila lori litakuwa na mlinzi mwenye rungu. Ochom wako amewalisha siku moja, akawaua kwa njaa mwaka mzima.

Nikueleze kilichotokea kweli. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, mwenye godauni fulani alikataza ufagio uani kwake. Wanawake hawakupigana naye. Walikaa ng'ambo ya barabara, wakasukana nywele. Wiki ya kwanza punje zililowa. Wiki ya pili ziliota, ua ukawa shamba. Wiki ya tatu panya waliofuata punje wakahamia kwenye magunia, na madereva wakaanza kushusha mizigo kwa jirani yake. Ndipo alipovuka barabara mwenyewe, kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi magotini.

"Boss," Amondi akamwambia, "umepotea?"

Walisuka hadi nywele zikaisha, ndipo wakasimama, wakaingia uani na fagio zao. Usimtawaze Ochom, mwanangu. Mtafutie njia ya kurudishiwa ufagio.

Babu yako,
Opolot

Osaka, 2 Septemba 1996

Kwako Babu,

Hamjambo nyote? Nisamehe kimya cha miezi hii. Niliogopa kuandika kabla sijajua.

Nilichora upya kurasa kumi na saba kwa siku tisa. Ochom anapasua gunia moja, na wanawake wanamvunjia ufagio. Anabaki peke yake upande wa pili wa barabara, akiwatazama wakisukana, hadi anaelewa kwamba hiyo ndiyo vita. Anakwenda kushika kitana. Zimwi nimeliondoa; panya wanatosha.

Babu, tumeshinda. Nafasi ya kwanza, kati ya mia sita. Mhariri alisema hajawahi kuona ufalme ukishindwa na watu waliokaa chini, na kwamba aliamini kila punje. Wanataka sura nyingine kila mwezi. Jarida ni hili. Ukurasa wa kwanza nimeandika majina mawili kwa herufi zetu: Opolot na Amondi.

Mjukuu wako,
Adeke

Malaba, 29 Septemba 1996

Mjukuu wangu Adeke,

Goti halijambo. Leo sikuliuliza.

Nililipeleka jarida kwenye foleni ya malori. Wanawake waliweka fagio chini, na madereva wawili wakashuka kuchungulia. Nikafungua kutoka nyuma, kama ulivyonifundisha. Amondi alijitazama kwa muda mrefu.

"Pua si yangu," akasema. Kisha, "Na mfalme? Alituma mtu, au alikuja?"

Nikamfungulia ukurasa ule: mfalme kwenye matope, katikati ya mahindi machanga, viatu mkononi. Amondi akampiga dereva begani kwa nguvu.

"Alikuja mwenyewe," akasema. "Umeona? Alikuja mwenyewe."

Jarida likapita mikono yote, hadi kwa polisi wa kizuizi, likarudi na alama za vidole vya unga. Sijalifuta.

Nimelisoma tena nyumbani, kulia kwenda kushoto. Darasani nilikuwa nikitundika ramani ya Afrika Mashariki, Kenya kulia, Uganda kushoto. Wino wako wote unaelekea upande mmoja, na mimi naujua. Jumamosi nitavuka daraja la mpakani na Amondi. Anasema nikienda peke yangu nitasimama katikati nikisoma. Jarida nitalibeba mimi, nimsomee dada yangu. Utanijibu kwa anwani yake, nimeiandika nyuma ya bahasha.

Babu yako, mwalimu wa darasa la nne,
Opolot